Bastola za Kigeni na Sheria za Majimbo ya Marekani, 1968–2013: Historia ya Kizuizi na Mianya Yake

Utangulizi

Historia ya udhibiti wa silaha ndogo nchini Marekani imezoeleka kuelezwa kama mvutano kati ya wanaotaka silaha na wasiozitaka. Mtazamo huo unaacha kando swali moja la msingi: sheria ilipoweka kizuizi, ilimzuia nani hasa? Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kufuatilia bastola zilizotoka nje ya Marekani, kuanzia sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 hadi masharti ya jimbo la California yaliyokamilika mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba kizuizi cha mpakani hakikuiondoa bastola duni sokoni, bali kilihamisha mahali pa kuitengenezea. Majimbo yalipoingilia kati kuziba pengo hilo, mzigo uliangukia zaidi mabega ya mnunuzi wa kawaida.

Sheria ya 1968 na kipimo cha michezo

Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki ya Kiitaliano iliyokuwa mabaki ya jeshi, iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago. Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, jimbo lenye viwanda vya Colt na Winchester, alikuwa tayari amewasilisha muswada wa kudhibiti biashara ya silaha kwa posta. Muswada huo ulikwama kwa miaka kadhaa. Baada ya mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka 1968, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha tarehe 22 Oktoba mwaka huo.

Sheria hiyo ilipiga marufuku mwananchi kununua bastola nje ya jimbo lake isipokuwa kupitia muuzaji mwenye leseni wa jimbo analoishi. Aidha, iliruhusu uingizaji wa silaha zile tu zilizotambuliwa kuwa zinafaa kwa michezo. Ili kutekeleza sharti hilo, maofisa waliweka mfumo wa alama. Bastola ya magazini ilipaswa kuwa na urefu usiopungua inchi 6 na kimo kisichopungua inchi 4, kisha ijipatie alama 75 kutokana na uzito, ukubwa wa risasi, vifaa vya usalama na vifaa vya kulengea shabaha.

Watengenezaji wa Ulaya waliusoma mfumo huo kwa makini. Walther PPK ya Ujerumani ilipungukiwa kidogo tu na kimo kilichotakiwa. Kampuni ikachukua sehemu ya juu na mtutu wa PPK, ikaviweka juu ya fremu ya Walther PP iliyokuwa ndefu zaidi, na hivyo ikazaliwa PPK/S. Hata Glock za Austria zilizoingia katika miaka ya 1980 zilifungwa vifaa vya kulengea vinavyorekebishika ili kukusanya alama. Kwa bastola hizo, sheria ilibadili umbo la silaha pasipo kubadili uwezo wake wa kuua.

Kilichozuiwa mpakani kikazaliwa ndani

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa kwamba kipimo cha michezo hakikuhusu silaha zilizotengenezwa Marekani kwenyewe. Ikumbukwe kuwa bastola iliyomuua Robert Kennedy ilikuwa imetengenezwa nchini humo. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani, ambayo rivolva zake za bei nafuu zilikosa sifa za kuingizwa, ilikuwa na kampuni tanzu mjini Miami, RG Industries, iliyounganisha rivolva kwa vipuri kutoka Ujerumani. Tarehe 30 Machi 1981, rivolva ya RG iliyonunuliwa katika duka la rehani la Dallas ilitumika kumpiga risasi Rais Ronald Reagan na watu wengine watatu. Wakati huohuo, kusini mwa California viliibuka viwanda vya bastola ndogo za bei ya chini, kikiwemo Raven Arms kilichoanzishwa mwaka 1970.

Majimbo yaingilia kati

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ya Maryland, katika kesi ya Kelley dhidi ya R.G. Industries, iliamua kwamba watengenezaji na wauzaji wa bastola duni wangeweza kuwajibishwa kwa madhara ya uhalifu uliotendwa kwa bastola hizo. Mwaka 1988 Bunge la Maryland lilifuta msimamo huo wa mahakama na badala yake likaunda bodi ya kuandaa orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa. Wapinzani waliipeleka sheria hiyo kwenye kura ya maoni, lakini takribani asilimia 58 ya wapigakura waliiunga mkono.

California ilifuata njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001. Kila aina ya bastola ilipaswa kufyatua risasi 600 bila kukwama zaidi ya mara 6, na kuangushwa kwenye zege kutoka kimo cha zaidi kidogo ya mita 1 bila kujifyatua. Kipimo hicho kilihusu bastola za kigeni na za ndani kwa usawa, na hivyo kiliziba pengo la 1968.

Hata hivyo, masharti yaliongezeka. Tangu 2007, bastola mpya za magazini zilizotumia risasi za kawaida zilihitaji kuwa na alama ya kuonyesha kuwa risasi imo chemba, pamoja na kifaa cha kuzuia ufyatuaji magazini ikiwa imetolewa. Mwaka 2013 liliongezwa sharti la bastola kuchapa utambulisho wake kwenye ganda la risasi. Aina zilizokwisha kuorodheshwa ziliendelea kuuzwa. Kwa hiyo, Glock ya kizazi cha tatu ilibaki sokoni ilhali ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2010, haikuingia. Polisi waliruhusiwa kununua zisizo katika orodha, na bastola maalumu za mashindano ya Olimpiki zilisamehewa. Mtu aliyehamia California aliweza kuja na bastola yake na kuitolea taarifa ndani ya siku 60.

Hitimisho

Matokeo yake yanaonekana katika uwanja wa shabaha. Watu wawili waliweza kusimama bega kwa bega na kufyatua bastola ya aina moja, mmoja akiwa mhamiaji au askari anayeimiliki kihalali, na mwingine mkazi asiyeweza kuinunua mpya dukani. Sheria ilidhibiti ununuzi zaidi kuliko matumizi.

Si sahihi kuhitimisha kwamba udhibiti wote haukufaa. Kipimo cha kuangusha na kufyatua kililenga hatari inayopimika, bila kujali silaha ilitoka wapi. Mfumo wa 1968, kinyume chake, ulipima asili na umbo, nao ukajibiwa kwa kubadili asili na umbo. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwaongoza watafiti wanapotathmini sheria hizi: kizuizi kinachotaja hatari yenyewe hukwepeka kwa shida kuliko kile kinachotaja dalili zake.