Kutoka Walanguzi wa 1983 hadi Wapanda Mbegu wa DECI: Hasira ya Umma Inatufundisha Nini?

Dakawa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, ni mahali panapojulikana na kila kada. Hapo ndipo Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, 1984, akiwa safarini kutoka Dodoma. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na hadi leo wananchi wengi wanapolitaja jina la Dakawa wanavikumbuka vita hivyo. Kwa hiyo inafaa tuanzie hapo kulijadili swali hili zito la historia yetu: kwa nini mwaka 1983 umma uliishangilia Serikali ilipowakamata walanguzi, lakini mwaka 2009 sehemu kubwa ya waliopeleka fedha zao DECI iliikasirikia Serikali ilipowazuia walaghai?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu walikuwa wajinga na wenye tamaa. Jibu hilo ni jepesi, na ni la hatari. Kada anayelikubali amewahukumu wananchi kabla ya kuichunguza hali yao. Hasira ya umma, hata inapoelekea pasipostahili, ina chanzo chake katika maisha ya watu.

1. Mwaka 1983: adui alionekana

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi ilipungukiwa fedha za kigeni. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Sabuni, sukari, khanga na mafuta ya kupikia vikaadimika. Mlanguzi alitajirika kutokana na uhaba huo. Hakuzalisha kitu; alificha kilichozalishwa na wengine, akakiuza kwa bei ya kuruka.

Unyonyaji wa namna hiyo haukuhitaji kufafanuliwa na mtu. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri alijua ni duka gani linauza kwa mlango wa nyuma. Ndiyo maana kampeni ilipoanza Machi 1983 wananchi wenyewe walitoa habari, na walanguzi wengine wakaona heri kuzitupa bidhaa kuliko kukutwa nazo.

Hata hivyo, historia isisomwe upande mmoja. Sheria iliyotungwa mwaka huo iliwanyima watuhumiwa mawakili na dhamana mbele ya Mahakama Maalum, na mwaka 1984 ilibidi itungwe nyingine mahali pake. Isitoshe, uhaba haukuisha kwa kukamata watu, kwa kuwa mzizi wake ulikuwa katika uzalishaji. Mlanguzi alikuwa kupe, lakini kumwondoa kupe peke yake hakumnenepeshi ng'ombe mwenye njaa.

2. Mwaka 2009: adui alijiita rafiki

DECI ilianza shughuli zake nchini mwaka 2007, makao yake yakiwa Mabibo, Dar es Salaam, nayo ikafungua matawi mikoani. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yao ilitoka shambani na kanisani: mwanachama "alipanda mbegu", kisha baada ya muda "akavuna" zaidi ya alichopanda. Hapakuwa na kiwanda, shamba wala biashara iliyozaa ziada hiyo. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata.

Tufanye hesabu rahisi. Tuseme kila apandaye ameahidiwa mara mbili. Ili mmoja avune, lazima wawili wapande. Ili hao wawili wavune, wapande wanne. Kisha wanane, na kuendelea hivyo. Awamu ya 26 peke yake inahitaji watu 33,554,432, na jumla ya awamu zote inafika watu 67,108,863. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo kuanguka kwa mpango wa namna hii hakutokani na hila ya adui wala uzembe wa karani. Kumo ndani ya mpango wenyewe tangu siku ya kwanza, na wanaoumia ni walio wengi, yaani wale wa mwisho.

Serikali ilipotangaza mwaka 2009 kwamba shughuli hiyo ni kinyume cha sheria na fedha zikazuiwa, watu walijazana Mabibo wakidai chao. Wengi waliitetea DECI. Walisema imewasomesha watoto na kuwajengea vyumba, mambo ambayo benki haikuwafanyia. Wengine waliuliza: kama ni wizi, mbona uliachwa ukafanyika hadharani kwa miaka miwili? Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wanne. Lakini swali la wananchi hao halikujibiwa na hukumu hiyo.

3. Kwa nini hasira iligeuka

Sababu ya kwanza ni kwamba mlaghai alilipa. Waliotangulia walivuna kweli, na majirani wakaona bati jipya juu ya nyumba. Mlanguzi wa 1983 alionekana akinyang'anya. Huyu alionekana akigawa. Serikali ilipoingia kati, aliyekuwa akingoja zamu yake aliona kuwa ni Serikali iliyomkatia mavuno.

Sababu ya pili ni pengo lililoachwa vijijini. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Viliporudishwa kwa sheria ya 1982, vilirudi vikiwa dhaifu. Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990: benki binafsi ziliruhusiwa mwaka 1991, na Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997. Mtu wa kipato kidogo hakuwa mteja anayetafutwa na benki mpya. Jembe na genge vilihitaji mtaji, na mtaji haukuwa na mlango wa kuingilia.

Sababu ya tatu ni imani. Benki Kuu ndiyo iliyowaonya wananchi, nayo ilikuwa imetoka katika kashfa ya akaunti ya EPA, ambayo zaidi ya shilingi bilioni 133 ziliibwa humo mwaka 2005/06, na Gavana akaondolewa Januari 2008. Mlinzi aliyeibiwa usiku akipiga mbiu asubuhi, wasikiaji husitasita.

Hali hii si ya Tanzania peke yake. Jirani zetu Kenya walishuhudia mapiramidi mengi yakianguka mwaka 2006 na 2007. Huko Albania, nchi iliyoacha mfumo wake wa zamani kabla ya kujenga mwingine, anguko la mwaka 1997 lilizua maasi, Serikali ikaanguka, na watu wapatao 2,000 wakafa. Taasisi za zamani za akiba zinapokufa na mpya hazijazaliwa, mlaghai ndiye wa kwanza kufika.

4. Mbegu ya kweli

Turudi Dakawa. Huko kuna shamba la umwagiliaji la mpunga la hekta zipatazo 2,000, lililokuwa la NAFCO na baadaye likawa mikononi mwa wakulima wadogo waliojiunga katika ushirika wao, UWAWAKUDA. Maji huvutwa kutoka Mto Wami kwa pampu za umeme. Mkulima wa hapo anajua kwamba mbegu haizai bila maji, mbolea, palizi na kuwafukuza ndege, na kwamba umeme usipolipiwa mfereji unakauka.

Lakini mkulima huyo pia anajua jambo jingine. Wakati wa mavuno bei ya mpunga huwa chini, naye huuza kwa sababu ana madeni. Miezi michache baadaye, wakati wa njaa, bei hupanda, na faida humwendea mwenye ghala. Amekwisha kuona fedha ikizaa bila jasho, ila mikononi mwa wengine. Anapoambiwa kwamba sasa ni zamu yake, kwa nini asisadiki?

Wala asidhani mtu kwamba upatu wenyewe ni uovu. Katika upatu wa kina mama wanachama wanafahamiana, kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na kila mmoja hupata zamu yake. Fedha haiongezeki, inakusanywa tu. Walaghai waliiba jina na sifa ya desturi hiyo njema, wakaiondoa nguzo yake, ambayo ni kujuana na kuhesabiana.

5. Jukumu la makada

Mbinu hizo hazikufa na DECI. Mwaka 2021 mahakama ilitoa hukumu katika kesi ya Mr. Kuku, ambako mbegu ilikuwa ufugaji wa kuku; mwaka 2025 polisi waliwakamata watu waliohusishwa na LBL, ambako mbegu ilipandwa kwa simu. Kila mara onyo limekuja baada ya fedha kukusanywa.

Kwa hiyo majukumu yetu ni matatu. Kwanza, kila kada aweze kuieleza hesabu ya piramidi kijijini, kwa mahindi au kwa kokoto, kabla mlaghai hajafika. Pili, vyombo vya dola vichukue hatua mwezi wa kwanza, wakati waliopanda ni mia, visingoje wawe mamia ya maelfu. Tatu, na hili ndilo kubwa, tujenge ushirika wa akiba na mikopo wenye vitabu vinavyokaguliwa na kusomwa mbele ya wanachama, pamoja na maghala ya kumwezesha mkulima kungoja bei nzuri. Mwananchi mwenye mahali salama pa kuweka jasho lake ana sababu ndogo ya kumfuata mlaghai. Asiye na mahali hapo tutamhubiria sana, naye atapanda tena.