Hatukumzomea Yeye

Mwenye nyumba ninakopanga, upande wa magharibi wa jiji la Philadelphia, ni dereva mstaafu wa mabasi. Mimi humwita Mzee. Mwanzoni alidhani nautania umri wake. Nilipomweleza kwamba kwetu Tanzania neno hilo ni heshima, alilipenda, na sasa hata jirani wa ghorofa ya chini anamwita hivyo hivyo, kwa lafudhi yao.

Jioni moja ya Novemba nilimkuta sebuleni, nikamwonyesha kwenye simu video fupi niliyokuwa nikiirudia wiki nzima kwa ajili ya insha ya darasani. Ni Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1999, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Jina la kijana linatajwa. Kijana anapanda jukwaani, anapewa mkono, anashika jezi. Na ukumbini watu wanamzomea. Si wapinzani. Ni mashabiki wa timu iliyomchagua, sekunde chache tu zilizopita.

Mzee aliitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Hatukumzomea yeye," akasema. "Tulizomea uchaguzi."

Nikamuuliza kama alikuwepo ukumbini. Hapana, alikuwa hapa hapa sebuleni, mbele ya televisheni.

"Lakini ulizomea?"

"Nilizomea televisheni," akasema, na hakucheka.

Kijana yule ni Donovan McNabb, na timu ni Philadelphia Eagles. Mwanafunzi wa historia akifika katika jiji hili hutegemewa aandike kuhusu Azimio la Uhuru la 1776 au kengele yao iliyopasuka. Mimi nimekwama kwenye sekunde chache za kuzomea, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Kwanza niseme drafti ni nini, maana neno lenyewe linaweza kukupoteza. Kwetu drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda chini ya mwembe, ambamo kete haiulizwi inataka kwenda wapi. Hii ya Marekani haiko mbali sana. Ukitaka kuielewa, sahau usajili wa Simba na Yanga, ule wa mchezaji kupokelewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela. Fikiria siku majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano yanapotoka. Umesoma Mwanza, umepangiwa Mtwara, na tahasusi umepewa. Drafti ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ni hivyo: kila mwaka timu hupanga foleni, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ikitangulia, na kila moja kwa zamu yake hutaja jina la kijana anayetoka chuo kikuu. Akishatajwa, ni wao wenye haki ya kufanya naye mkataba. Yeye hachagui.

Na mtu aliyelianzisha jambo hili alikuwa wa hapa hapa. Bert Bell, mmoja wa wamiliki wa Eagles, alilipeleka pendekezo kwa wenzake mwaka 1935. Timu yake ilikuwa dhaifu, na vijana wazuri wote walikuwa wakikimbilia kwa matajiri wa Chicago na New York. Hoja yake ilikuwa kwamba ligi haiwezi kuwa na nguvu kuliko timu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Ni hoja nzuri, na inapendeza masikioni mwa mtu yeyote aliyewahi kuishabikia timu ndogo. Lakini ilikuwa na manufaa mengine kwa wamiliki: kijana asiyeweza kuzungumza na timu mbili hana pa kupandishia bei yake.

Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936 katika hoteli ya Ritz-Carlton, Philadelphia. Timu 9, raundi 9. Eagles walikuwa wa mwisho kwenye msimamo, kwa hiyo walitangulia kuchagua, na wakamtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji bora wa vyuo vyote. Bell hakuweza kuafikiana naye kuhusu malipo, akazihamishia haki zake kwa Chicago Bears, nao pia wakashindwana. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Aliendelea na maisha yake, akafanya biashara. Napenda sana kwamba mtu wa kwanza kabisa kupangiwa alikataa kwenda alikopangiwa. Katika orodha ile hapakuwa na mchezaji Mweusi. Miaka ile ligi ilikuwa imewafungia mlango. Mchezaji Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NFL akaja kucheza humo ni George Taliaferro, mwaka 1949, katika raundi ya 13.

Kwa hiyo jiji hili lilivumbua tumaini la wanyonge, kisha likawa jiji la kulililia tumaini lenyewe. Mwaka 1968 Eagles walipoteza mechi 11 za mwanzo. Mashabiki walishavumilia, kwa sababu waliona mbele: wakimaliza wa mwisho wangempata O.J. Simpson, mkimbiaji hodari kuliko wote vyuoni. Halafu timu ikafanya kosa la kushinda. Ikashinda mechi mbili mfululizo, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa Buffalo. Tarehe 15 Desemba, mechi ya mwisho, theluji ikianguka, mtu aliyevaa nguo za Santa Claus alipopita uwanjani wakamrushia mabonge ya theluji. Tangu siku hiyo nchi nzima huwasema mashabiki wa Philadelphia kwa Santa yule. Watu wachache hukumbuka kwamba walikuwa na msiba: walikuwa wakiomboleza ushindi. Wiki chache baadaye Eagles walimchagua Leroy Keyes katika nafasi ya tatu. Aliyetajwa mara baada yake, na timu ya Pittsburgh, ni Joe Greene, aliyekuja kutwaa ubingwa mara nne.

Mwaka 1999 mzigo huo wote ulikuwa mabegani. Msimu wa nyuma yake Eagles walikuwa wameshinda mechi 3 na kupoteza 13. Kocha alikuwa amefukuzwa, na mpya, Andy Reid, hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya NFL. Walikuwa na zamu ya pili. Mji ulimtaka Ricky Williams wa Texas, mshindi wa tuzo ya Heisman ya 1998, aliyekuwa amevunja rekodi ya yadi za kukimbia na mpira katika historia ya futiboli ya vyuo. Meya wa jiji, Ed Rendell, alijitokeza hadharani kumtaka. Mtangazaji wa redio ya WIP, Angelo Cataldi, akawakusanya mashabiki wapatao 30, wakapakiwa kwenye basi kwenda New York. Walikwenda kumshangilia Williams. Mapafu yalikuwa yamejaa tayari, na jina lililotajwa likawa jingine. Pumzi ile ilikuwa lazima itokee mahali.

Reid alitaka kwotabeki, yule anayeshika mpira kwanza na kuiongoza timu nzima, na McNabb wa Chuo Kikuu cha Syracuse alikuwa kwotabeki. Hapo kuna jambo ambalo kelele zililifunika. Kwa miongo mingi walioendesha mchezo huu waliamini, na wengine walisema waziwazi, kwamba nafasi hiyo inahitaji akili ambayo mtu Mweusi hana. Vijana Weusi waliocheza nafasi hiyo chuoni walihamishwa nafasi nyingine walipofika NFL. Warren Moon hakutajwa na timu yoyote mwaka 1978. Alikwenda kucheza Canada, akatwaa vikombe huko ndipo wakamwita. Siku ile ya Aprili 1999, McNabb akawa kwotabeki Mweusi aliyechaguliwa mapema kuliko wote waliomtangulia. Baada yake wakatajwa Akili Smith na Daunte Culpepper, na haijawahi kutokea kabla ya hapo kwotabeki Weusi watatu kutajwa katika raundi moja ya kwanza. Ilikuwa siku ya kuandikwa. Kilichoandikwa ni kuzomewa.

Sisemi kwamba waliozomea walifanya hivyo kwa rangi. Williams naye ni Mweusi, na Mzee wangu, aliyezomea televisheni yake, ni Mweusi pia. Nilimuuliza juu ya hilo. Alisema mwaka ule hakufikiri rangi, alifikiri touchdown. Akaongeza kwamba ilimchukua miaka minne kufikiri rangi, mpaka Septemba 2003, mtangazaji Rush Limbaugh aliposema kwenye ESPN kwamba McNabb anasifiwa kupita kiasi kwa sababu vyombo vya habari vinataka kwotabeki Mweusi afanikiwe. Limbaugh alijiuzulu siku chache baadaye. "Jiji zima lilisimama na McNabb wiki ile," Mzee alisema. "Mimi nilisimama nikiwa na aibu kidogo."

Kuhusu nani alikuwa sahihi, halihitaji maneno mengi. New Orleans walitoa nafasi zao zote za drafti ya mwaka ule, na nyingine mbili za mwaka uliofuata, ili wampate Williams. Wakamaliza msimu na ushindi wa mechi 3, kocha wao akafukuzwa. Williams mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri, na mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia. McNabb aliifikisha Eagles nusu fainali mara tano. Novemba 2002 alivunjika kifundo cha mguu mwanzoni mwa mechi dhidi ya Arizona, akaendelea kucheza na kurusha pasi nne za touchdown juu ya mfupa uliovunjika. Februari 2005 alifika Super Bowl, wakafungwa na New England 24 kwa 21, na mpaka leo utawasikia watu wa hapa wakibishana kama alitapika au hakutapika katika dakika za mwisho. Alikaa miaka 11. Mapenzi ya mji huu kwake hayakuwahi kukamilika, na sijui ni mapenzi gani yanayoweza kukamilika yakianza vile.

Sasa nifike nilikosema nitafika.

Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, kipa wetu alikuwa kaka wa kidato cha nne tuliyemwita Kaseja, kwa heshima ya Juma Kaseja. Tulimpenda kuliko mwalimu yeyote. Jioni moja kwenye paredi, mwalimu wa michezo alisoma majina ya watakaocheza na shule jirani. Aliyetajwa alitakiwa kutoka mbele. Golini akamtaja dogo wa kidato cha pili, aliyehamia muhula ule ule, ambaye wengi wetu hatukumjua hata jina. Pakawa na kimya kifupi. Halafu ikaanza: uuuuuu! Nani aliyeanza, sikumbuki. Najua kwamba sikuwa wa mwisho. Dogo akatoka, akasimama na wenzake, mikono nyuma, macho kwenye mlingoti wa bendera. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, anaandika.

Dogo yule alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Taa zilipozimwa aliniita.

"Kaka, na wewe ulikuwa unazomea?"

Nikamwambia asijali. Nikamwambia hatukumzomea yeye, tulimzomea ticha.

Akanyamaza kwa muda, nikadhani amelala.

"Lakini ticha alikuwa amekaa," akasema. "Aliyesimama nilikuwa mimi."

Alicheza vizuri, mechi ikaisha 1-1. Sielezi hilo ili hadithi ipendeze. Hata angefungwa manne, paredi ile ingebaki vile vile. Nilimaliza shule bila kumwomba radhi, na kitanda chake kilikuwa chini ya changu muhula mzima.

Nilimsimulia Mzee habari hii jioni ile ile, huku runinga yake ikiwa imezimwa sauti. Hakusema kitu. Aliniambia tu kwamba tarehe 19 Septemba 2013, Eagles walipoistaafisha jezi namba 5 ya McNabb, alikuwepo uwanjani. Timu iliyokuja kucheza siku hiyo ni Kansas City, na kocha wake alikuwa Andy Reid, yule yule aliyemchagua. Watu walisimama na kupiga makofi muda mrefu. Mzee naye alipiga, mpaka viganja vikawaka moto.

Kisha akainuka, akaingia chumbani. Nilisikia kabati likifunguliwa. Alirudi na jezi ya kijani namba 5, kola imepauka, kwapa moja imeshonwa kwa uzi mweusi.

"Umeinunua 1999?" nikamuuliza.

Aliitandaza juu ya magoti, akaanza kunyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Hapana," akasema. "Si 1999."