Gurudumu la spoku kwa kigari cha waya: namna ya kulisuka likafanana na la kweli

Kijana mmoja wa Rwamishenye alituletea kigari cha waya alichokitengeneza mwenyewe. Bodi lilikuwa refu na jembamba, injini ya mabati iko nyuma ya kiti, na usukani unageuka. Alikuwa amekipeleka kwa mtu aliyeahidi kukinunua, akarudishiwa. Mnunuzi alimwambia gari ni zuri, ila magurudumu ni vizibo vya soda.

Kijana aliumia, na sisi tulipokitazama tukaona mnunuzi hakukosea sana. Magari ya namna hii kwetu Kagera watoto wamekuwa wakiyatengeneza miaka yote, kwa waya, kwa migomba, kwa makopo. Magurudumu yake huwa vizibo, soli za kandambili au vipande vya mti. Kwa mtoto wa kukimbiza barabarani yanatosha. Lakini anayetaka kuuza, au anayetaka mtu atazame kigari na kusema kinafanana na gari fulani, huangukia kwenye magurudumu. Jicho la mtu huanzia hapo.

Gari alilokuwa akiliiga kijana huyu aliliona kwenye simu. Ni gari la mashindano ya Marekani linaloitwa dragsta. Halizunguki uwanja kama magari ya mbio tuliyoyazoea. Mawili husimama sambamba, taa ikiwaka yanaondoka kwa mstari ulionyooka, na umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Hiyo haifiki urefu wa viwanja vinne vya mpira. Nguvu yote iko magurudumu ya nyuma, ambayo ni mapana na hayana kashata. Ya mbele hayasukumi gari, kazi yake ni kuelekeza tu, kwa hiyo watengenezaji wa miaka ya 1960 waliyafanya mepesi kadiri walivyoweza: rimu nyembamba, tairi jembamba, spoku za waya. Ukiyatazama utadhani yamechomolewa kwenye baiskeli.

Na hapo ndipo tulipoona kwamba kijana wetu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Fundi baiskeli anayekaa karibu na soko analijua gurudumu hilo kuliko mtu yeyote.

Watu wengi hudhani baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi imesimama juu ya spoku za chini, kama nyumba inavyosimama juu ya nguzo. Si hivyo. Shika spoku moja iliyotolewa, isimamishe mezani na uibonyeze kwa kidole: inapinda mara moja. Waya wa unene wa milimita 2 hauwezi kusimamisha mzigo. Unachoweza ni kuvuta. Spoku zote zimekazwa, kila moja inaivuta rimu kuelekea katikati, na kwa kuwa zinavuta kutoka pande zote, rimu inabaki duara na habu inabaki katikati. Mzigo ukija, spoku za chini hulegea kidogo tu, nyingine zote zinaendelea kuvuta. Ndiyo maana spoku mbili tatu zikikatika gurudumu zima huanza kuyumba, hata kama zilizobaki ni nzima.

Wazo hilo si la jana. Mwingereza George Cayley alilifikiria mwaka 1808 akitafuta gurudumu jepesi kwa chombo cha kuruka. Mfaransa Eugène Meyer alilipeleka kwenye baiskeli mwaka 1869. Kisha James Starley wa Uingereza, mwaka 1874, akazilaza spoku: badala ya kutoka habu moja kwa moja kama miale ya jua, zinatoka kwa ubavu na kupishana. Nusu zinavuta mbele, nusu zinavuta nyuma. Bila kupishana huko, unapokanyaga pedali habu ingezipinda spoku kabla rimu haijaanza kuzunguka.

Tunayaeleza haya kwa sababu kosa kubwa la wanaotengeneza magurudumu madogo ni kuchora jua. Wanatoa waya katikati, wanaunyoosha hadi ukingoni, basi. Gurudumu linaonekana la katuni, na mtu hajui kwa nini. Macho yetu yamezoea kuona spoku zinapishana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua kwanza ukubwa. Tunashauri kupunguza mara 8, kwa sababu vipande vinashikika. Gari la mita 5 linakuwa na sentimita 62 hivi. Gurudumu la mbele lenye upana wa sentimita 56 kutoka ukingo hadi ukingo linakuwa sentimita 7. Spoku ya milimita 2 hadi 3 inakuwa kama theluthi moja ya milimita, na hapo vizibo na nyaya za kawaida za kufungia uzio hazikusaidii. Waya mnene ndio unaoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote.

Waya mwembamba upo, tena bure. Waya wa breki wa baiskeli uliokatika, ukiufumua, unatoa nyuzi za chuma za unene huohuo wa theluthi ya milimita. Ni ngumu na zinang'aa, zinafaa kabisa, ila zina ukaidi, zinataka kurudi zilivyokuwa. Kwa gurudumu la kwanza tumia nyuzi za shaba kutoka waya wa umeme mlaini, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Waya wa chaja iliyokufa pia una shaba, nyembamba zaidi. Sokota mbili tatu pamoja. Hakikisha chaja imechomolewa na haitumiki tena kabla ya kuikata. Tunasema hivyo kwa sababu tunawajua wadogo zetu.

Rimu itoke kwenye bomba la plastiki la maji lenye upana wa milimita 63. Kata pete ya upana wa milimita 6 kwa msumeno wa chuma, uilainishe kwa msasa. Unahitaji matundu 24 kuizunguka, na hapa wengi hukosea kwa kukadiria kwa macho. Usikadirie. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye pete, ukate pale ncha zinapokutana. Ukunje mara tatu sawasawa, kisha katikati, katikati tena, na katikati tena. Ukiufungua una sehemu 24 zilizo sawa. Ubandike kwenye pete na utoboe kwenye kila alama kwa sindano iliyopashwa moto, tundu moja likae kidogo kushoto, linalofuata kidogo kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Fanya kazi hii nje, maana moshi wa plastiki hiyo ni mbaya kwa kifua.

Habu tumia kipande cha kijiti kikavu cha mti wa kahawa, ambao ni mgumu na hauchaniki ovyo. Kiwe na unene wa milimita 8 na urefu wa milimita 14. Kitoboe katikati ili spoku nzima ya baiskeli ipite na kuzunguka bila kukwama. Hiyo ndiyo ekseli yako. Kila upande gundisha kisahani cha bati chenye upana wa milimita 16, kilichotobolewa matundu 12 kwa sindano, milimita 6 kutoka katikati. Matundu ya kisahani kimoja yakae katikati ya matundu ya kingine, yasitazamane.

Usisuke gurudumu likiwa mkononi. Chukua ubao, pigilia kipande cha spoku kisimame wima, vika habu hapo. Chora duara kuizunguka na uiweke rimu juu ya duara hilo, ikiinuliwa kwa vipande vya kadibodi vya milimita 4 ili ikae katikati ya urefu wa habu. Ishikilie kwa misumari midogo ya nje. Kuanzia hapa ubao ndio unaoshika unyoofu. Mikono yako inabaki na kazi ya kuvuta tu.

Hesabu matundu 12 ya rimu ya upande ulio juu, uyape namba 1 hadi 12, na ya kisahani vivyo hivyo, namba 1 ikitazamana na namba 1. Kanuni ni hii: tundu la habu lenye namba witiri linakwenda mbele matundu mawili kwenye rimu, lenye namba shufwa linarudi nyuma mawili. Yaani 1 ya habu inakwenda 3 ya rimu, 3 inakwenda 5. Lakini 2 inarudi 12, na 4 inarudi 2. Fuata hivyo na kila spoku itapishana na nyingine mbili, bila wewe kuhesabu mapishano.

Huhitaji kukata waya 24. Kata kipande cha sentimita 20. Acha ncha yake kwenye tundu la 1 la habu, peleka waya tundu la 3 la rimu, utoke nje, uingie tundu la 4 la rimu, urudi tundu la 6 la habu, upite nyuma ya kisahani hadi la 7, uende la 9 la rimu, uingilie la 10, urudi la 12 la habu. Ncha mbili zinakutana kati ya 12 na 1. Umepata spoku nne kwa kipande kimoja. Kipande cha pili kianzie tundu la 3 la habu, cha tatu la 5, kwa mwendo uleule. Geuza gurudumu na ufanye upande wa pili, vipande vitatu vingine.

Usikaze kipande kimoja hadi mwisho ndipo uende kingine. Fundi baiskeli hafanyi hivyo hata siku moja: anakaza zote kidogo, anazunguka, anarudi tena. Ukikaza moja kwanza, rimu inavutwa upande huo na zote zinazofuata zinaufuata upotovu. Zikiwa zimebana sawa, sokota ncha, zikate, dondoshea gundi ya haraka. Kata ukiwa umegeuza uso, kwa sababu kipande cha uzi wa chuma kinaruka na jicho halina spea.

Jaribu kabla gundi haijakauka vizuri. Toa gurudumu ubaoni, lipachike kwenye ekseli kati ya misumari miwili, sogeza njiti ya kiberiti karibu na rimu na ulizungushe polepole. Pale linapogusa njiti ndipo limeegemea. Kwenye baiskeli fundi angekaza spoku za upande wa pili wa mahali hapo. Kwako wewe inatosha kusukuma kwa kidole gumba huku ukivuta waya wa upande wa pili.

Nyaya zinazopita nje ya rimu zinaonekana vibaya, ila tairi litazificha. Kata ukanda mwembamba kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, uwe pete kamili, uuvute juu ya rimu. Usijaribiwe kuweka mpira mnene; tairi la mbele la dragsta ni jembamba kama la baiskeli. Unene wote upeleke nyuma, ambako soli za kandambili zilizobandikwa tatu tatu na kulainishwa kwa msasa zinafanana sana na mpira usio na kashata. Na magurudumu ya nyuma usiyawekee spoku. Tumeona vigari vyenye spoku kwenye magurudumu yote manne, na kazi nzuri ya mbele ikapotea.

Gurudumu la kwanza la kijana wetu lilimchukua siku nzima na likatoka na umbo la yai. Alikuwa amepigilia ekseli kwa kukadiria, si katikati ya duara. Alilivunja, akatumia nyaya zilezile tena. La tatu lilizunguka mbele ya njiti bila kuigusa. Fundi baiskeli aliyekuwa akitazama alilishika, akagonga spoku moja moja kwa ukucha akisikiliza mlio, kama anavyofanya kwa magurudumu ya wateja wake, kisha akamwonyesha mbili ambazo bado zimelegea.