Mtaro Wetu, Kiondo Chetu

Vilima vya Kilungu huku Makueni, Kenya, kutoka mabondeni hadi juu Nunguni, vimekatwa matuta, na matuta hayo hayana jina la mvumbuzi. Unachimba mtaro wa kina cha futi mbili hivi, udongo unaurusha upande wa juu, kisha unapanda matete kwenye ukingo. Misimu ikipita, mteremko unalala kidogo kidogo na maji yanatulia. Ndiyo fanya juu.

Miaka ya 1930 wakoloni waliihesabu Ukambani, eneo letu Wakamba, kuwa nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1938 walianza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Muindi Mbingu, mtetezi wa Wakamba, akaongoza umati wa waliopinga hadi Nairobi, naye akahamishiwa Lamu. Baadaye wakaja na matuta membamba ya lazima, udongo ukitupwa chini. Watu waliyachukia. Kufikia miaka ya 1950 wakulima wengi walichagua fanya juu, ingawa jasho lake ni jingi zaidi, na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, hasa akina mama, vikaichimba shamba kwa shamba. Leo inachimbwa hata Ethiopia. Sijasikia mtu wa Kilungu akidai malipo.

Lakini taja kiondo, kikapu chetu cha kusuka, uone! Habari kwamba Wajapani walikipatia hataza imerudiwa mno magazetini. Mimi naitilia shaka: hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kiondo alichokisuka nyanya si kipya popote. Kinachoweza kusajiliwa ni nembo, au umbo lililobuniwa juzi. Kilichowaumiza wasusi ni soko. Miaka ya 1980 vilifika madukani ng'ambo viondo vya kuiga kutoka Asia, vya nyuzi za viwandani na bei ya chini, na mkonge uliosokotwa kwa mkono ukashindwa kushindana. Jirani akiiga mtaro wako, shamba lako halipungui. Akiiga kiondo chako, mnunuzi amehama.

Katiba ya 2010 iliagiza jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ikazitaka kaunti kuweka rejista, na mtumiaji wa nje kupata kwanza ridhaa ya jamii. Vizuri, ila jamii ipi? Kiondo kinasukwa Makueni, Kitui na Machakos, na Wakikuyu nao wana chao. Kampuni ikibisha hodi kesho ikitaka ridhaa, Makueni itatia sahihi peke yake?