Mteuzi, si Mtunzaji: Kutoka Muhima hadi Venice

Abiria atokaye Kampala kwa basi hushukia Nyabugogo, kisha huupanda mji wa Kigali kupitia Muhima. Njia hiyo iunganishayo Uganda na Rwanda ndiyo inayolea kisa hiki. Mwaka 2007 Collin Sekajugo, mchoraji ambaye maisha yake yamegawanyika kati ya nchi hizo mbili, alianzisha Ivuka Arts jijini Kigali, karakana iliyowapa wachoraji vijana mahali pa kufanyia kazi na kuonyesha. Mwaka 2022 kazi zake, pamoja na za Acaye Kerunen, zilitundikwa katika banda la kwanza la Uganda kwenye Biennale ya Venice. Majaji walilitunukia banda hilo tajo maalumu. Aliyeliandaa ni Shaheen Merali.

Jina hilo halifai kupitwa haraka. Merali, mzaliwa wa Tanzania mwenye asili ya Asia, aliasisi Panchayat jijini London mwaka 1988 pamoja na Allan deSouza, mzaliwa wa Nairobi. Panchayat ilikusanya vijitabu, picha na matangazo ya maonyesho ya wasanii wenye asili ya Asia na Afrika, wakati makumbusho makubwa ya Uingereza yalipokuwa yakiwajali kwa nadra. Leo mkusanyo huo umo katika maktaba ya Tate. Mwaka 2008, mjini Berlin, Merali alikuwa miongoni mwa walioandaa Re-Imagining Asia, onyesho lililohoji hata maana ya jina "Asia".

Kiswahili humwita mtu huyu mtunzaji, au msimamizi wa makumbusho, kana kwamba analinda tu kilichokwishakuwapo. Neno hilo linaficha kazi yenyewe. Kanoni, yaani orodha ya kazi zinazofundishwa na kukumbukwa, hupatikana kwa kuteua, na pia (jambo lisilosemwa sana) kwa kuhifadhi karatasi. Mteuzi lingekuwa neno aminifu zaidi.

Uteuzi una gharama. Mabanda ya Venice hupangwa kwa mataifa, hivyo msanii huingia chini ya bendera moja. Miaka ya Kigali ikageuka sentensi katika wasifu wa Sekajugo. Kosa si la Merali, ni la mpangilio. Atakayeandika historia ya sanaa ya kisasa ya Rwanda itambidi aanze na mialiko, picha na orodha za bei za Kigali ya 2007, kabla hajaifungua katalogi ya Venice.