Hofu ya Uume Katika Historia: Genoa, Singapore, Kinshasa

Hofu ya mwanamume juu ya udogo au upungufu wa uume wake huchekwa mara nyingi. Hata hivyo, historia yaonyesha kwamba hofu hiyo imekwisha kujeruhi na hata kuua. Mifano mitatu yadhihirisha jambo moja: madhara ya hofu hiyo hutegemea kile kinachobebeshwa lawama.

Mnamo mwaka wa 1891, Enrico Morselli, daktari wa magonjwa ya akili mjini Genoa, Italia, alieleza hali ya watu walioshikwa na wazo kwamba miili yao ina kilema, ilhali wengine hawakukiona. Aliunda jina dismofofobia kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya umbo baya na hofu. Mwaka wa 1987 madaktari wa Marekani waliondoa neno hofu katika jina hilo, kwani kiini cha ugonjwa si woga, bali ni wazo lisilobanduka. Kwa baadhi ya wanaume, wazo hilo huuelekea uume. Mgonjwa hulaumu mwili wake mwenyewe: hujipima, hujilinganisha na wengine, hujificha.

Huko Singapore, mwishoni mwa mwaka wa 1967, lawama iliangukia chakula. Uvumi ulienea kwamba nyama ya nguruwe waliochanjwa husababisha koro, maradhi ambayo Wachina huyaita suo yang, yaani kusinyaa kwa nguvu ya kiume. Wanaume waliamini kwamba uume ukizama tumboni, mtu hufa. Wengine waliushika kwa mikono, wengine waliufunga kwa kamba. Madaktari walichunguza wagonjwa 469, miongoni mwao wanaume 454. Serikali na madaktari walipotangaza hadharani kwamba koro ni hofu tu na haiui, wimbi likatulia.

Mjini Kinshasa, mwezi wa Aprili 2008, aliyelaumiwa alikuwa binadamu. Ilisemekana kwamba wachawi huiba au hupunguza uume kwa kumgusa mtu, na abiria wa teksi walionywa wajihadhari na wenye kuvaa pete za dhahabu. Watu walitaka kuwaua washukiwa. Polisi waliwatia nguvuni watuhumiwa 13, na pia waliodai kuibiwa, ili kuzuia mauaji kama yale ya Ghana, ambako takribani miaka kumi kabla washukiwa 12 walipigwa hadi kufa.

Basi, hofu inafanana, lakini anayeumia si yule yule. Huko Genoa ni mgonjwa peke yake. Kinshasa ni mpita njia asiye na kosa. Dawa pia hutofautiana. Umati hutulizwa na ukweli unaosemwa waziwazi. Mwaka wa 2015 watafiti wa London walikusanya vipimo vya wanaume 15,521, wakapata wastani wa sentimita 13.12 kwa uume uliosimama. Idadi kama hiyo yaweza kumwondolea mashaka mwanamume wa kawaida. Lakini mwenye dismofofobia hatulizwi na rula, kwani kilichougua si kiungo bali ni namna ya kukitazama. Huyo husaidiwa na mazungumzo ya tiba, pengine pamoja na dawa za hospitali. Kumcheka ni kumrudisha katika upweke wake. Na kuunyamazia uvumi ni kumwachia mwenye pete akabiliane na umati.