Kiapo cha Utii na Saikolojia ya Siasa katika Chuo Kikuu cha California, 1949–1952

Historia ya saikolojia ya siasa kama taaluma ya chuo kikuu huelezwa mara nyingi kwa kuorodhesha vitabu vyake vikuu, kuanzia kile cha Harold Lasswell wa Chicago kilichochapishwa mwaka 1930. Insha hii inadai kwamba orodha hiyo haitoshi, kwa kuwa chuo chenyewe ni uwanja wa siasa ambazo taaluma hiyo inazichunguza. Mfano wake ni Berkeley.

Mwaka 1950 Theodor Adorno, Else Frenkel-Brunswik, Daniel Levinson na Nevitt Sanford walichapisha The Authoritarian Personality. Swali lao lilitokana na vita: ni hulka gani humfanya raia wa kawaida avutiwe na ufashisti? Frenkel-Brunswik mwenyewe alikuwa mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Vienna. Kwa kutumia hojaji na mahojiano, waliunda kipimo cha F, kilichopima, pamoja na mengine, utiifu usiohoji kwa wenye mamlaka.

Mwaka uliotangulia, wasimamizi wa chuo walikuwa wamewataka wahadhiri wale kiapo cha kuukana ukomunisti. Agosti 1950, wahadhiri 31 waliokataa walifukuzwa, Sanford akiwa miongoni mwao, pamoja na mwanasaikolojia Edward Tolman aliyeongoza upinzani. Kosa lao halikuwa ukomunisti bali kukataa kuapa. Mtafiti wa utiifu alipoteza kazi kwa kutotii, mwaka uleule kitabu chake kilipotoka. Oktoba 1952 Mahakama ya Juu ya California iliamuru warejeshwe kazini.

Hata hivyo, tukio hilo halithibitishi nadharia yao. Wahakiki wa miaka ya 1950 walionyesha kwamba kauli za kipimo zilielekea upande mmoja, hivyo aliyezoea kukubali kila kauli alihesabiwa kuwa mpenda udikteta. Edward Shils naye aliwalaumu kwa kutazama mrengo wa kulia pekee. Zaidi ya hayo, wahadhiri walio wengi walitia saini, wakiwemo waliokuwa wamepinga kiapo hicho. Hulka haitoshi kueleza uamuzi wao; mshahara na familia vilikuwa hatarini.

Kwa hiyo, anayesoma taaluma hii hana budi kuuliza, pamoja na swali la nani hutii, kukataa kunamgharimu nini anayekataa.